Mashine Ilivyomwachia Onyancha Mjane Mmoja

Zachariah aliingia uani Jumatano alasiri akiwa na katoni ya sabuni kwapani, na ndani ya katoni hiyo mlikuwa na programu mia mbili za mazishi ya kaka yake. Alitoa moja tu, akampa Nyanchera. Nyingine, alisema, zingekaa nyumbani kwake mpaka Ijumaa, watoto wasije wakazishika na mikono ya ndizi. Kisha akaenda zake kuangalia watu wa turubai.

Nyanchera alikuwa mke wa kwanza wa marehemu Onyancha. Shule ilimpita akichunga ng'ombe wa baba yake, kwa hiyo karatasi kwake ilikuwa picha na madoa meusi. Aliitazama ile picha ya mumewe, akaipangusa kwa kanga ingawa haikuwa na vumbi, akavuka kipande cha nyasi kilichotenganisha nyumba mbili za mji wa Onyancha. Alimkuta mke mwenzake, Bosibori, anapepeta nafaka ya wimbi kwa uji wa waombolezaji.

"Mama Duke," alisema, "hebu nisomee. Nataka kusikia wamemwekaje."

Bosibori alikuwa amefika darasa la nne, tena mikononi mwa mwalimu aliyechapa viganja kwa kila neno lililorukwa. Kwa sababu hiyo alisoma polepole, kidole chini ya mstari, wala hakuruka kitu mpaka uzee wake. Aliweka ungo chini, akajifuta mikono, akaanza juu kabisa. Alisoma mwaka wa kuzaliwa. Alisoma jinsi Onyancha alivyokuwa mwenyekiti wa kituo cha kununulia majani ya chai, na jinsi alivyoipenda mizinga yake ya nyuki. Nyanchera alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha Bosibori akafika katikati ya ukurasa.

"Marehemu ameacha mjane mmoja mpendwa, Nyanchera, na watoto kumi na mmoja ambao Mungu aliwajalia katika ndoa yao."

Kidole kilibaki palepale.

"Rudia hapo," Nyanchera alisema.

Akarudia.

"Kumi na mmoja? Mimi nilizaa saba. Hao wanne nimewazaa lini?"

"Wamewapanga hapa kwa tarehe. Kwamboka, Machi, elfu moja mia tisa hamsini na nane. Anayemfuata ni Duke, Julai, mwaka uleule."

Nyanchera alihesabu kwa vidole. "Miezi minne," alisema. "Hata mbuzi anataka mitano. Duke mimi sikumzaa, nilimpokea tu alipotoka, nikamkata kitovu kwa mikono hii. Na wewe wamekuweka wapi?"

Bosibori alitafuta. Alisoma majina ya wabeba jeneza sita. Alisoma jina la kiongozi wa kwaya, la mzee wa kanisa atakayeomba, la mkuu wa wapishi. Alisoma mpaka mstari wa mwisho wa ukurasa wa mwisho, uliomshukuru mtu aliyeazimisha viti. Mwenye viti alikuwamo. Yeye, aliyetolewa ng'ombe wanane na kuishi na Onyancha miaka thelathini na minane, hakuwamo.

Mtu wa mbali huenda akashangaa karatasi kumtetemesha mtu mzima hivyo. Lakini kule Nyacheki, kijijini kwao, programu ya mazishi haikutupwa. Ilikunjwa ikawekwa ndani ya Biblia, au ikapachikwa nyuma ya picha ukutani, ikakaa humo miaka na miaka. Siku wazee walipoketi kugawa shamba la marehemu, au chifu alipotaka kujua warithi ni nani ili aandike barua, mtu aliingia ndani akaitoa. Ilikuwa imesomwa mbele ya kaburi, watu wamesikia, hakuna aliyepinga, basi hayo ndiyo yaliyokuwa kweli. Nyumba ambayo haikusomwa kaburini ilihesabiwa kama nyumba ya mpangaji. Na Bosibori alikuwa na wana wawili na mabinti wawili, na ekari mbili za chai zilizoteremka hadi kijitoni, ambako zilipakana na shamba la Zachariah.

Alimkuta Zachariah anaelekeza vijana wakaze kamba za turubai.

"Shemeji," alisema, "hii karatasi umeiona?"

Zachariah hakuipokea. Aliitazama kwa mbali kidogo, kama mtu anayetazama kinyesi cha kuku kwenye kiti. "Nimeiona. Hiyo, mke wa kaka yangu, si mimi. Hiyo ni kompyuta. Siku hizi watu hawaandiki kwa mkono, kompyuta inaandika yenyewe. Mimi nilipeleka majina tu."

"Na hukuisoma kabla hawajatoa mia mbili?"

"Nilisoma harakaharaka, nina mambo mengi. Kwani kuna shida gani? Watu wote hapa wanakujua."

"Watu wote hapa watakufa," Bosibori alisema. "Karatasi itabaki."

Zachariah aligeukia vijana, akawaambia kamba ile ya kushoto imelegea.

*

Alhamisi asubuhi, maduka ya Kisii yakiwa bado yanafungua milango, Bosibori alisimama mbele ya duka lililoandikwa juu yake CHANDULAL NA WANAWE. Mbele waliuza madaftari, kalamu na kadi za arusi. Nyuma, baada ya ukuta wa mbao, ndiko ilikokaa kompyuta. Mwaka ulikuwa 1995, na kompyuta za kuandikia watu barua zilihesabika mjini. Hii ilivishwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, chenye maua pembeni, kama redio ya sebuleni. Wana wa Chandulal hawakuonekana. Aliyekivua kitambaa, akakikunja mara nne na kukiweka juu ya rafu, alikuwa mkwe wake, Padma, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, miwani shingoni, sweta juu ya sari kwa ajili ya baridi ya Kisii.

"Karibu, mama. Barua?"

Bosibori aliitandaza programu mezani, akaweka kidole chini ya mstari. "Nataka kujua nani ameandika hapa."

Padma alivaa miwani. "Hapo ni kompyuta, mama."

"Kompyuta ilimjua mume wangu?"

"Hapana, mama, maana yangu ni kwamba…" Padma alisita, kisha akavuta kiti. "Njoo upande huu. Nitakuonyesha."

Juu ya vitufe, kwenye ukingo wa kioo, palibandikwa ukanda wa karatasi wenye mwandiko mzuri wa kalamu ya bluu. Bosibori aliusoma wote, kwa kuwa ndivyo alivyosoma kila kitu. Alt na B, barua kwa chifu. Alt na H, kadi ya harambee. Alt na K, kuomba kazi. Alt na M, mazishi.

"Maneno yaleyale nilikuwa nayaandika kila siku," Padma alisema. "Vidole vinauma. Sasa, katika kitabu kilichokuja na mashine, nilisoma kwamba unaweza kuifundisha. Unaiambia isikilize, unaandika mara moja, yenyewe inashika kila kitufe ulichobonyeza. Baadaye unabonyeza viwili tu na inayarudia yote. Nilikaa Jumapili tatu na kile kitabu. Hakuna aliyenionyesha." Hayo ya mwisho aliyasema kwa sauti ya chini, lakini aliyasema. "Tazama."

Aliweka kidole kimoja kwenye Alt, kingine kwenye M. Kioo kilikuwa cheusi kitupu; mara herufi za kijani zikamiminika kama wimbi kwenye gunia lililotoboka, mstari baada ya mstari, hakuna mkono uliozigusa. Tangazo la kifo. Nafasi ya jina. Nafasi ya kijiji. *Marehemu ameacha mjane mmoja mpendwa*, nafasi, *na watoto*, nafasi, *ambao Mungu aliwajalia katika ndoa yao.*

"Mazishi ya kwanza yalikuwa ya mwalimu mkuu mstaafu," Padma alisema. "Familia yake iliandika vizuri sana. Nikaona, haya yafaa kuwa mfano. Nikatoa majina, nikaacha maneno."

"Mwalimu huyo alikuwa na mke mmoja."

"Ndiyo."

"Lini hiyo?"

"Januari."

"Na tangu Januari umeandika mazishi mangapi?"

Padma alifikiri. "Sitini. Labda sabini."

"Na wote wameacha mjane mmoja mpendwa."

Padma aliutazama ule mstari kwenye kioo.

"Basi tangu Januari," Bosibori alisema, na sauti yake haikupanda, ilizidi kuwa nyembamba tu, "katika wilaya mbili nzima, Kisii na Nyamira, hajafa mwanamume mwenye wake wawili. Sijui ni ugonjwa gani huo unaochagua."

"Sikujua, mama. Sisi kwetu…"

"Kwenu mnaoa mmoja, hilo najua, nimewaona miaka yote. Lakini kuuliza, binti yangu, kwenu hakuna?"

Padma aliinuka akaenda kwenye msumari mrefu ulioshikilia karatasi za wateja, akazivua moja moja hadi alipopata mbili zilizobanwa pamoja. Ya kwanza ilikuwa ukurasa wa daftari. Bosibori aliujua mwandiko kabla hajaushika: ulikuwa wa mwanawe Duke, herufi zimelalia kushoto tangu alipokuwa mdogo. *Nyumba ya kwanza, Nyanchera*, na majina saba chini yake. *Nyumba ya pili, Bosibori*, na majina manne.

"Niliona majina ni mengi na nafasi ni moja," Padma alisema. "Nikayaweka yote hapo kwa tarehe. Kosa ni langu. Lakini nilitoa nakala ya kujaribu, nikampa mzee aliyeleta kazi asome, na hii hapa."

Ya pili ilikuwa nakala hiyo. Chini kabisa paliandikwa kwa wino mwekundu: *Sawa. Zachariah.* Na wino huo mwekundu ulikuwa umefanya kazi nyingine mahali pamoja tu, katika mstari uliofuatana na ule wa mjane mmoja. Pale mashine ilipoandika "ndugu yake Zachariah, mzee wa kanisa," kalamu ilichora kijishale safi cha karani, ikaongeza neno: mzee *mkuu* wa kanisa.

Alisoma harakaharaka. Ana mambo mengi.

Jana Bosibori alikuwa na hasira na mashine, na hasira ya mashine ni kama hasira ya mvua, unaivua na nguo. Hii ilikuwa nyingine. Kalamu ilipita juu ya kaburi lake akiwa hai, ikaliona, ikaruka, ikaenda kujipamba.

"Andika upya," alisema.

"Nataka, mama. Lakini ngoja nimwite mzee."

Chandulal alikuja kutoka mbele ya duka akiwa na risiti za kalamu mkononi. Alisikiliza yote akiwa amesimama. Alikuwa mtu mpole, na aliyasema maneno yake kwa upole, na upole ule ndio ulioyafanya yaume.

"Mama, pole sana kwa msiba. Lakini kazi hii ni ya Zachariah. Ameleta, amesoma, ametia sahihi. Akija yeye kubadilisha, tunabadilisha. Siwezi kubadilisha mazishi ya mtu kwa kuwa mtu mwingine amekuja amekasirika."

"Mtu mwingine? Marehemu ni mume wangu."

"Mimi nitajuaje, mama?" Aliinua ile programu, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wazee. "Hapa mjane ni Nyanchera."

Kwa hiyo ilikuwa imeanza. Onyancha hajazikwa, na karatasi tayari ilikuwa inamfukuza mkewe.

Bosibori hakubishana. Palikuwa na benchi la wateja kando ya ukuta wa mbao. Alikaa, akaweka mfuko wake magotini, akalaza mikono juu yake.

"Mama, utangoja nini?" Chandulal aliuliza.

"Wateja," Bosibori alisema.

*

Wa kwanza alitaka barua ya kuomba kazi. Padma alibonyeza Alt na K, mashine ikamimina, mteja akaondoka. Wa pili alikuwa mwanamume mwenye koti la suti na viatu vyenye udongo mwekundu, kitambaa cheusi kimeshonwa begani kwa msiba. Jina lake lilikuwa Obwocha, alitoka upande wa Nyamira, na alimsalimu Bosibori kwa heshima kabla hajamsalimu mwenye duka.

"Pole, mwanangu," Bosibori alisema. "Umefiwa na nani?"

"Baba, mama."

"Pole sana. Baba yako ameacha wake wangapi?"

"Watatu."

"Na wewe ni wa nyumba gani?"

"Ya tatu. Mimi ni kifungua mimba wa nyumba ya tatu."

"Basi sogea hapa karibu na kioo," Bosibori alisema, "uone mashine itamwachia wangapi."

Padma alimtazama Bosibori. Chandulal, aliyekuwa mlangoni, alimtazama Padma. Obwocha alikwisha kuinama mbele ya kioo, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kuangalia ng'ombe wa mnada.

"Bonyeza, binti yangu," Bosibori alisema. "Bonyeza kama kawaida."

Padma akabonyeza.

Obwocha alisoma kwa sauti, na sauti ikafa katikati ya njia. "Mjane mmoja mpendwa. Mmoja yupi?"

"Wa kwanza, nadhani," Bosibori alisema. "Kwa mume wangu imemchagua wa kwanza. Wewe na mama yako nendeni mkatafute baba mwingine."

"Hii nani ameiandika?"

"Wanasema imejiandika."

Obwocha alijinyoosha. Alikuwa mrefu kuliko alivyoonekana akiinama. "Mzee," alimwambia Chandulal, taratibu sana, "nje kule nimekuja na ndugu zangu tisa wa nyumba tatu. Tumekubaliana mambo ya mazishi haya kwa siku nne, na hatujapigana. Nikirudi kwao na karatasi hii, tutapigania hapa dukani kwako, katikati ya madaftari."

Chandulal aliangalia madaftari yake. Aliangalia kioo. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, alimuuliza mkwe wake badala ya kumwambia. "Padma, hiyo inaweza kufundishwa tena?"

"Inaweza," Padma alisema. Alikwisha kuvuta kiti.

Alibonyeza vitufe viwili pamoja, na chini ya kioo maneno madogo yakaanza kuwakawaka kuonyesha mashine imetega masikio. "Sasa inashika kila ninachofanya. Niambie, mama. Mnataka iseme nini?"

"Kwanza ikome kujua," Bosibori alisema. "Isiseme mmoja, isiseme wawili. Ifike pale isimame, iulize."

"Iko namna hiyo. Naweza kuiambia ingoje."

"Ikingoja, mtu anaweza kuiruka?"

"Haiendi mpaka umeandika kitu na kubonyeza hapa." Padma aligusa kitufe kikubwa cha upande wa kulia. "Itakaa tu."

"Hata siku nzima?"

"Hata siku nzima."

"Hapo mimi na yeye tutaelewana," Bosibori alisema, na Obwocha akakohoa kicheko.

Walitunga pamoja, Padma akiandika, Bosibori akisahihisha. Nyumba ya, nafasi, ingoje. Jina la mke, ingoje. Binti ya nani, ingoje; ukoo gani, ingoje, maana mwanamke haokotwi njiani. Watoto wa nyumba hiyo, na hiyo tu, ingoje. Padma ndiye aliyewaza kuifanya nyumba kuwa kitufe peke yake, Alt na N. Mwenye nyumba moja angebonyeza mara moja, mwenye tatu mara tatu.

"Kuna mzee kwetu ana sita," Obwocha alisema.

"Mara sita."

"Hapo vidole vitauma kidogo."

"Yeye mwenyewe hakuumwa?" Bosibori alisema.

Wakaijaribu kwanza kwa Obwocha, kwa kuwa ndugu zake walikuwa wanasimama juani. Padma alibonyeza mara tatu. Mashine haikungoja hata kidogo. Ilimwaga nyumba tatu kwa mkupuo, na katika zote tatu mke alikuwa Bosibori.

"Nilijaribu na jina lako kabla sijaiambia iache kusikiliza," Padma alisema, akajishika paji la uso. "Imeshika jina badala ya kungoja."

"Mama," Obwocha alisema kwa adabu kubwa, "naona umeolewa kwetu mara tatu."

"Jana sikuwa mke wa mtu yeyote," Bosibori alisema. "Leo nimejaza mji mzima. Futa, binti yangu, mama zake wasije wakaniletea panga."

Padma alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaifundisha upya kutoka mwanzo, polepole, akitaja kila kitufe kwa sauti. Alipofika mwisho alibonyeza vile viwili, maneno ya chini ya kioo yakaacha kuwakawaka, ndipo akainua mikono juu mashine isije ikashika kingine. Safari hii ilisimama. Ilisimama kila mahali ilipotakiwa kusimama, kijistari kikipepesa, kikingoja. Obwocha aliwataja mama zake watatu kwa mpangilio wao, na alipofika kwa mama yake mwenyewe alitamka jina herufi moja moja.

Ilipofika zamu ya Onyancha, Padma aliandika nyumba ya Nyanchera na watoto wake saba. Halafu akasogeza kiti nyuma.

"Hii ibonyeze wewe," alisema.

Kidole cha Bosibori kilikuwa kimepasuka kwa kuchuma chai, na pembeni ya ukucha palikuwa na weusi wa majani usiotoka kwa sabuni. Alishikilia Alt. Alitafuta N kwa utulivu kati ya herufi zote zile zilizopangwa ovyo na mtu asiyejua alfabeti, akaipata, akabonyeza. *Nyumba ya*. Kijistari kikangoja.

"Pili," alisema. "Sasa jina langu, na niandikie lote."

Chandulal alitoa nakala mia mbili kwa mkono wake mwenyewe, akazikunja, akazifunga kwa uzi. Kabla ya hapo Padma alimpa Bosibori karatasi ya kujaribu na kalamu. Aliisoma yote, kuanzia picha hadi mwenye viti, watu wakingoja, ndipo akatia sahihi. Kisha akaiomba ile nyingine, yenye wino mwekundu. Padma aliitoa kwenye msumari akampa. Alibandua pia ule ukanda wa karatasi juu ya kioo, akaandika mpya, na chini ya Alt na M akaongeza mstari wa Alt na N.

"Na wale sitini?" Bosibori aliuliza akiwa mlangoni.

Padma alitazama rundo la karatasi msumarini. "Nitazipitia zote," alisema. "Majina ninayo."

*

Ijumaa, Mokeira, binti wa Bosibori, alisimama langoni na kikapu cha kuchumia chai, akampa kila aliyeingia karatasi. Zachariah alizileta za kwake katika katoni ya sabuni, akakuta watu wote tayari wameshika programu, akadhani vijana wamemsaidia. Alijiwekea moja, akasimama mbele ya jeneza kusoma maisha ya marehemu.

Alisoma vizuri, alikuwa karani miaka mingi. Waombolezaji walimfuata kwenye karatasi zao, kidole kwa kidole, kama ilivyo desturi. Kituo cha chai kilipita. Nyuki walipita.

"Marehemu ameacha mjane mmoja mpendwa…"

Vidole vikasimama. Mnong'ono ukapita chini ya turubai kutoka kiti hadi kiti. Mzee Machogu, aliyetahiriwa mwaka mmoja na Onyancha na aliyefunga miwani yake kwa uzi, aliinua kichwa.

"Zachariah, umeruka mstari."

"Sijaruka, mzee."

"Umeruka. Hapa pana nyumba ya kwanza, halafu nyumba ya pili. Rudi nyuma usome."

Zachariah aliitazama karatasi yake. Akaigeuza upande wa pili, akairudisha. Aliwatazama watu, na katika kila mkono akaona karatasi inayofanana na yake lakini siyo yake. Hakuna aliyemsaidia. Walimngoja tu, mia na zaidi, hata watoto.

Nyanchera aliinuka kutoka kwenye kiti chake kando ya jeneza. Alikuwa ameishika programu yake juu chini, lakini alimfikishia shemeji yake mkononi.

"Soma hii," alisema. "Mimi sikuzaa kumi na mmoja."

Akaisoma. Nyumba ya kwanza, na watoto saba. Nyumba ya pili, Bosibori, binti ya nani, wa ukoo gani, na watoto wanne. Alipomaliza jina la mwisho, Machogu alisema, "Sasa endelea," akashusha miwani.

Udongo ulipokwisha kurudishwa na watu wakawa wanakula, Zachariah alimfuata Bosibori kwenye sufuria za uji. Alizungumza kwa sauti ndogo.

"Mke wa kaka yangu, nilikwambia. Ile ilikuwa mashine tu."

Bosibori aliweka kata chini. Alitoa kifuani ile karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua mpaka wino mwekundu ukaonekana, kile kijishale, na lile neno "mkuu".

"Mashine nimeongea nayo," alisema. "Ilikubali kosa lake mbele ya watu, ikajifunza upya. Bado wewe."

Zachariah aliinyooshea karatasi mkono. Bosibori aliikunja tena kwa mistari yake ileile, akairudisha kifuani, akachukua kata, akamjazia uji mtu aliyekuwa nyuma yake.